Ukuta wa kanisa unatoka maji: kabla hamjampa fundi hela, angalieni juu kwanza

“Habari za kazi kaka. Naishi Uingereza mwaka wa 11 sasa, kijiji kidogo huku Shropshire, na kwa kuwa sikosi ibada wameniweka kwenye baraza la kanisa la kijiji. Jiwe la msingi limeandikwa 1867. Shida yetu ni ukuta wa kaskazini, kwenye kona ambapo chumba cha ogani (kile kinanda kikubwa cha mabomba) kinakutana na sehemu ya kwaya. Kuna doa kubwa la maji, linaanza juu kabisa karibu na paa linashuka mpaka kama kimo cha mtu, rangi inabanduka, plasta inatoa unga mweupe kama chumvi, na Jumapili tukiwasha zile hita za gesi za magurudumu madirisha yanatoka jasho na harufu ya uvundo inazidi. Fundi mmoja amekuja kasema ni maji yanapanda toka ardhini, eti atoboe matundu kwa chini achome dawa, abandue plasta yote apige ya simenti, amalizie na rangi isiyopitisha maji, na anatoa garantii ya miaka 20. Mzee mmoja wa kanisa hataki kitu kiguswe, anasema kanisa ni la enzi za Wanormani, wale waliovamia Uingereza toka Ufaransa. Shemeji yangu aliyesoma usanifu yeye anacheka, anasema makanisa yote ya wakati wa Malkia Victoria ni feki, kopi tu ya vitu vya kale, kwa hiyo hata mkipiga simenti hamjaharibu chochote. Mimi nimekulia Muheza, kanisa nililozoea ni la Magila, haya ya huku siyaelewi. Tumsikilize nani?”

Salama dada, na pole na kamati, maana navijua vikao vya baraza la kanisa huku, chai na biskuti zinaisha na ajenda bado iko namba tatu.

Ntaanza na jibu ili usilale na wasiwasi: huyo fundi msimpe hela, angalau sio sasa hivi. Sisemi ni tapeli, wengi wao wamefundishwa kwenye nyumba za kisasa na wanachokijua ndio hicho hicho wanakipeleka kila mahali. Ila wewe mwenyewe kwenye swali lako umeshamjibu bila kujua. Umesema doa linaanza juu karibu na paa, linashuka, linaishia kimo cha mtu. Sasa maji yanayopanda toka ardhini yanaanza chini, ukuta unayavuta kama utambi wa kibatari unavyovuta mafuta ya taa, na kwa kawaida yanachoka kwenye mita moja, moja na kitu, huko paani hayafiki. Maji yanayoanza juu yametoka juu. Hata mkichoma ndoo kumi za dawa kwa chini ni sawa na kufunga mlango wa uani wakati mwizi yuko darini.

Lakini nataka ujue kwanini ni kona ile na sio nyingine. Nikikwambia ukweli niliposoma “chumba cha ogani, kaskazini, 1867” nilishapata picha kabla sijafika kwenye mambo ya fundi, kwa sababu kona hiyo hiyo inavuja kwenye makanisa mengi ya umri huo, na chanzo chake kilikuwa cha ibada kabla hakijawa cha ujenzi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1800 kanisa la kijiji cha Uingereza lilikuwa halifanani na hilo lenu. Wenye uwezo walikaa ndani ya vibanda vya mbao vyenye milango, vingine vya kukodi kabisa, maskini wakajibane nyuma au pembeni, mimbari ya ngazi tatu imesimama kama mnara inaziba altare, na muziki walipiga wanakijiji wenyewe juu kwenye roshani ya upande wa magharibi, violini na basuni na chochote walichonacho. Alafu yakatokea mambo mawili yaliyofuatana. Oxford mwaka 1833 kundi la makasisi likaanza kudai ibada irudishiwe heshima yake ya kale, na Cambridge mwaka 1839 vijana wa chuo, akina John Mason Neale na Benjamin Webb, wakaanzisha chama chao cha kuchunguza makanisa ya zamani na kuwaelekeza watu kanisa sahihi linajengwaje, na kuanzia 1841 wakawa na jarida, na jarida lile halikuwa na huruma, msanifu akikosea anachanwa hadharani kwa jina. Pembeni yao kulikuwa na msanifu Pugin, yeye alikuwa ameshahamia Katoliki lakini hoja zake zilisomwa na kila mtu, alikuwa anahubiri kwamba jengo lisiwe na kitu ambacho hakihitajiki kwa matumizi, kwa uimara au kwa heshima yake, na pambo liwe ni kupamba kile kinachoshikilia jengo, sio kubandika urembo juu juu.

Kanisa walilolitaka lilisomeka kama safari, na hilo lenu bila shaka liko hivyo, Jumapili ijayo lipite taratibu utaona. Kibaraza na mlango mara nyingi upande wa kusini. Birika la ubatizo liko hapo hapo karibu na mlango kwa sababu ubatizo ndio unaokuingiza kanisani. Ukumbi wa waumini wenye mabenchi yaliyo wazi, hayana milango wala makufuli. Alafu tao kubwa, ngazi, sehemu ya kwaya ambayo huku wanaiita chanseli, ngazi tena, altare mashariki. Angalia na sakafu, kwa waumini ni mawe ya kawaida au vigae vyekundu na vyeusi, ukipanda kwenye chanseli vinaanza vigae vya maua na nyota, ukifika altare ndio vinawaka kabisa. Na kwa kuwa uko Shropshire inawezekana kabisa vimetoka jirani, kiwanda cha Maw kilikuwa Benthall tangu 1852, baadaye 1883 wakajenga kikubwa zaidi Jackfield kando ya mto Severn, na pale Jackfield mpaka leo kuna makumbusho ya vigae, nenda siku moja na watoto, ukitoka hapo utakuwa unaingia makanisani huku umeinamia sakafu kama mtu kadondosha sarafu.

Sasa ndio tunafika kwenye kona yako. Ile roshani ya wanamuziki ilibomolewa, kwaya ikavalishwa kanzu nyeupe ikaletwa mbele kwenye chanseli, na ogani ikanunuliwa, na ogani lazima ikae karibu na kwaya. Tatizo chanseli ni nyembamba, haina pa kuweka lidude kubwa la mabomba kama lile. Kwa hiyo wakasukuma kichumba nje ubavuni, na upande uliochaguliwa mara nyingi ni kaskazini, kwa sababu kusini kuna jua, kuna madirisha mazuri, ndiko watu wanakoingilia, kaskazini ni uani. Mara nyingi chumba cha kasisi cha kuvalia kikaunganishwa hapo hapo, na chini yake shimo la boila ya makaa. Kichumba hicho kina paa lake, lenye mteremko mkali kama yote maana wale watu waliamini, na kwa mvua za huku walikuwa sahihi, kwamba paa la nchi ya kaskazini lisimame wima limwage maji na theluji upesi. Vizuri. Lakini paa la ogani linateremka kuelekea chanseli, na paa la chanseli linateremka kuelekea ogani, na kati yao kuna bonde.

Bonde hilo limetandikwa shiti za risasi, hii risasi ya metali sio ya bunduki, na upana wake mara nyingi haufiki hata futi moja. Maji ya mapaa mawili yanaingia mfereji mmoja. Majani ya miti ya makaburini yanaingia humo humo, sleti, yale mawe bapa ya kuezekea, ikichomoka inaangukia humo, njiwa akifa anafia humo, na hakuna anayeona kwa sababu ukiwa chini hata ukisimama kwenye kaburi refu kuliko yote bonde halionekani. Mfereji ukiziba maji yanapanda yanapita ukingo wa risasi na kuingia kichwani mwa ukuta. Au risasi yenyewe imepasuka, maana jua likiipiga inatanuka, usiku inajikunja, ikiwa shiti ni ndefu mno miaka inavyokwenda inachanika kama bati la sufuria lililokunjwa mara nyingi. Au imeibiwa, wezi wa risasi huku ni janga, wanapanda usiku na asubuhi mchungaji anaona mawingu kupitia paa. Tatu hizo, moja wapo ndio doa lenu, ukiniuliza mimi naanza na majani.

Sasa ukuta wenyewe. Usiufikirie kama tofali moja nene. Ukuta wa kanisa la aina hiyo ni kuta mbili nyembamba za mawe, moja inatazama nje moja ndani, na katikati kumejazwa kifusi na chokaa, jumla inaweza kuwa futi mbili. Maji yakiingia kwa juu yanateremka kwenye kile kifusi, yanatafuta njia, na yanaweza yakatokea ndani mbali kidogo na pale yalipoingilia. Ndio maana doa lina umbo la ajabu, na ndio maana dawa ya kuchoma kwa chini haifanyi kazi hata kwa ukuta ambao kweli unavuta maji ya ardhini: dawa inatakiwa itengeneze mstari usiokatika, sasa kwenye kifusi chenye mianya inamwagika inakojua yenyewe.

Na hapa wewe wa Tanga unanielewa kuliko mwenyekiti wenu wa baraza. Nyumba za mawe za pwani, Unguja, Lamu, Mombasa, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta hizo zinakunywa na zinapumua. Mvua inaingia kidogo, jua na upepo vinaitoa, ukuta unaishi hivyo miaka mia mbili. Alafu anatokea mjukuu na hela, anapiga simenti ili ipendeze, miaka michache plasta inavimba inaanguka vipande vipande na ukuta nyuma yake umekuwa laini kama kashata iliyolowa. Kwa nini? Chokaa ni laini na ina vitundu vidogo vidogo, maji yanatokea kwenye chokaa, chumvi inakaukia kwenye chokaa, chokaa inaumia kidogo kidogo na ndio kazi yake, baada ya miaka mingi unaikwangua unaweka nyingine, jiwe limesalimika. Simenti ni ngumu na imeziba. Maji yaliyo ndani yanakosa mlango, yanatafuta sehemu nyingine, yatapanda juu zaidi, yatatokea upande wa pili, au yatatokea kupitia jiwe lenyewe, na baridi ya Januari ikiganda ndani ya jiwe lililolowa uso wa jiwe unabanduka kama ngozi iliyoungua. Kanisa la Mkunazini pale Unguja, ambalo Askofu Steere alianza kulijenga 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, ni jengo la familia moja na hilo lenu, tao zile zile zenye ncha, mpangilio ule ule, wazo lilitoka Uingereza ya Victoria, ila ukuta ni matumbawe na chokaa ya kwetu. (Waongozaji wa pale wanasimulia kwamba nguzo kadhaa zilisimamishwa kichwa chini askofu akiwa hayupo, na zipo hivyo mpaka leo, kwa hiyo msiwatanie mafundi wa Shropshire peke yao.)

Ule unga mweupe ni chumvi iliyosafirishwa na maji, maji yamekauka yenyewe imebaki. Sio sumu, ifagie kwa brashi kavu, usiioshe, ukiiosha unairudisha ndani. Na rangi isiyopitisha maji ndio mbaya kuliko vyote alivyovitaja fundi, maana hata simenti ina siku itapasuka ipumue, ile rangi ni kama kumfunika mtu nailoni alafu unashangaa anatoka jasho.

Nakwambia haya kwa uchungu kidogo, maana nami nilishafanya. Mwaka wangu wa pili wa kazi huku, kijana nataka sifa, tulipewa ukuta wa kanisa fulani uliokuwa unatoka maji, nikapiga plasta ya simenti safi, imenyooka, ungeweza kujitazama. Baada ya misimu miwili ya baridi nikaitwa tena. Doa lilikuwa limehamia juu ya plasta yangu, mita nzima zaidi, na nje mawe matano yalikuwa yamebanduka uso. Mkaguzi mzee wa kanisa hilo hakunigombeza, alinipa tu ngazi akaniambia panda. Juu ya gata kulikuwa na mche wa mti umeota, una kimo cha mtoto wa chekechea.

Turudi kwa mzee wenu na shemeji. Mzee, kama jiwe la msingi ni 1867 na matao ya madirisha yana ncha, basi jengo unaloliona sio la Wanormani, hao walikuja 1066 na matao yao ni ya duara. Ila usimkatishe tamaa, anaweza kuwa na ukweli nusu. Watu wa Victoria mara nyingi walibomoa kanisa la kale lililochakaa wakajenga jipya pale pale, wakabakiza birika la ubatizo au mlango mmoja wa zamani wakaupachika humo. Kama birika lenu limechakaa isivyolingana na vitu vingine, hapo mzee ashike moyo. Kupima umri mwingine angalia mbao za paa: zikiwa zimepasuliwa kwa mashine, zimenyooka, zimepakwa rangi nzito ya kahawia na kukazwa kwa bolti za chuma, hizo ni za karne ya 19, reli ilishafika, mbao za msonobari na sleti za Wales na mawe ya mji wa Bath vikawa vinafika popote kwa bei nafuu. Angalia pia kibarazani kama kuna kibao kinachosema chama cha ujenzi wa makanisa kilichangia fedha kwa sharti kwamba viti kadhaa viwe vya bure daima. Chama hicho kilianza 1818 na mafaili yake, mengi yakiwa na michoro, yako maktaba ya Lambeth Palace London. Mkiwa na kibao hicho kuna uwezekano mzuri wa kupata ramani ya kanisa lenu ilivyochorwa, na hiyo huenda ikawaonyesha mabomba ya maji ya mvua yalipangwa yaende wapi.

Shemeji naye msomi lakini hapo kateleza. Kopi ya nini? Hakuna kanisa la mwaka 1300 lenye chumba cha ogani, mifereji ya hewa ya moto chini ya sakafu iliyofunikwa na zile nondo za chuma zenye maua, na mabenchi ya kuwatosha kijiji kizima yakitazama mbele. Walichukua lugha ya zamani wakasema jambo jipya. Na wasanifu wao wazuri walikuwa wazuri kweli: Butterfield aliyechanganya matofali na mawe ya rangi kwa mistari mpaka watu wakamtukana, nenda Baldersby St James Yorkshire ukaone kijiji kizima alichokijenga miaka ya 1850, kanisa, shule, nyumba, kila kitu. Pearson kasimamisha South Dalton, kijiji kidogo tu cha East Yorkshire, mchongoko wa mawe unaozidi futi 200, unauona kutoka mashambani ya mbali. Huko kwenu Shropshire yuko Norman Shaw pale Batchcott karibu na Richards Castle, hilo ni la 1890 na kitu, na Pountney Smith wa Shrewsbury kajenga na kukarabati mengi kwenye kaunti, msishangae mkikuta jina lake kwenye michoro yenu. Walikuwa na dhambi zao pia, walikwangua plasta za kale na kung'oa vitu vya thamani kwenye makanisa ya zamani kwa jina la kukarabati, mpaka msanii na mshairi William Morris akakasirika akaanzisha chama cha kulinda majengo ya kale, SPAB, mwaka 1877. Leo chama hicho hicho kinatetea na kazi za Victoria. Na kwa ukuta wenu swali la feki au halisi halina uzito hata kidogo, chokaa haijui imejengwa mwaka gani, ukiiziba inaoza.

Kuhusu hita. Zile za gesi za magurudumu zinawaumiza mara mbili. Gesi ikiungua inatoa maji, sio mfano, ni kemia: kilo moja ya gesi inatoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji kama mvuke. Mkichoma kilo nne Jumapili asubuhi mmemwaga lita sita hewani ndani ya jengo lililokaa baridi wiki nzima, na mvuke unakwenda kugeuka maji kwenye sehemu ya baridi kuliko zote, ambayo ni vioo na huo ukuta wa kaskazini uliolowa tayari. Jasho la madirisha ndio hilo. Kuna hita za umeme za chini ya mabenchi, zinampasha mtu badala ya kupasha hewa ya darini, gharama ya kuziweka sio ndogo na nyaya zenu za umeme lazima zikaguliwe kwanza, lakini kama mna mpango wa hela kubwa siku zijazo mimi ningeziweka huko kabla ya rangi. Kwa sasa punguzeni tu gesi, na siku kavu yenye upepo fungueni mlango wa kusini na dirisha la upande wa pili kwa muda wa saa moja hivi.

Haya, cha kufanya. Subiri mvua ya maana, vaa buti, chukua mwavuli, zunguka kanisa dakika 20 ukiangalia maji yanakokwenda. Hiki ndicho kipimo bora kuliko kimashine cha fundi cha kupimia unyevu, kile cha kupiga kelele, ambacho kwenye ukuta wenye chumvi kinapiga kelele hata kama ukuta umekauka. Nenda kwenye kona ya ogani kwa nje. Kutakuwa na kopo la chuma linalopokea maji ya bonde na bomba linaloshuka, huenda ni la chuma cha kale. Liko karibu sana na ukuta, kwa mbele limepakwa rangi linapendeza. Ingiza kioo kidogo cha kunyolea nyuma yake na umulike kwa tochi. Nyuma hakujawahi kupakwa rangi tangu siku lilipofungwa, na hapo ndipo linapoanza kutu na kupasuka, unaona mstari wa kijani, ukungu, saa nyingine kijimmea kimeota kwenye mwanya. Nimeshaona bomba zima limepasuka kwa nyuma toka juu mpaka chini, maji yote yanapigwa ukutani, na kwa mbele ni jipya kabisa. Shuka mpaka chini uone linamwaga wapi, kama shimo limeziba kuna kidimbwi. Alafu pima udongo wa nje: sakafu ya ndani inatakiwa iwe juu ya ardhi ya nje, makaburini ardhi inapanda mwaka hadi mwaka. Na vile vitundu vya chuma chini ya ukuta, vinavyoingiza hewa chini ya mbao za mabenchi, visizibwe na majani wala maua ya mtu, vikizibwa mbao zinaoza kimya kimya.

Wewe na mzee msipande paani. Nasisitiza. Mfereji wa bonde kati ya mapaa mawili ni kazi ya watu wenye vifaa, nusu siku ya mafundi wawili na jukwaa dogo inatosha kuusafisha na kuupiga picha, na picha hizo ndio mtaletea kwenye kikao. Baada ya hapo isafishwe mara mbili kwa mwaka, majani yakishamaliza kuanguka na tena majira ya kuchipua. Kama kuna dalili za popo darini, zile kinyesi kama cha panya lakini zinasagika kwa vidole zikawa unga, semeni kabla mtu hajagusa paa, popo huku wanalindwa na sheria na hakuna mchezo.

Jambo ambalo fundi hakuwaambia ni kibali. Kanisa la Anglikana huku halifanyiwi kazi ya namna ile bila kibali cha dayosisi, wenyewe wanakiita fakalti, haina uhusiano na chuo kikuu, na hata kama jengo haliko kwenye orodha ya majengo yanayolindwa kibali bado kinahitajika. Kusafisha magata na matengenezo madogo hayana shida, mengine madogo anaruhusu yule kasisi mkuu wa eneo anayesimamia majengo kwa niaba ya askofu, lakini kutoboa ukuta na kubandua plasta yote ni lazima kupitia ofisini, na dayosisi ina kamati ya washauri ambayo ushauri wao hamlipii. Tena kila miaka 5 kanisa lenu linatakiwa kukaguliwa na msanifu au mkaguzi mwenye sifa za kazi hiyo. Ripoti ya mwisho ipo kabatini, naapa, tafuta sehemu inayozungumzia maji ya mvua, sitashangaa kama kona yenu imeandikwa tayari na hakuna aliyefika ukurasa huo. Mkaguzi huyo huyo mpigieni, analijua jengo. SPAB nao wana simu ya ushauri wa kiufundi, wapole sana. Na mtu akiwashauri mchimbe mtaro kuzunguka kanisa kukausha msingi msikimbilie, saa nyingine unasaidia, ila makaburini unachimba mtaro wa urefu wa mita kumi tu unakutana na mifupa ya watu, inabidi awepo mtaalamu wa akiolojia na kibali chake.

Kuna mambo hayasubiri kikao wala mvua. Vumbi la rangi ya kutu linalorudi kwenye mabenchi hata mkifuta, au kitu kama uyoga mpana kwenye mbao, au sakafu inayodunda ukikanyaga karibu na ukuta, hiyo ni kuvu ya mbao na inakula haraka, mwite mkaguzi wiki hiyo hiyo. Ufa unaotanuka, kipande cha jiwe kimeanguka nje, maji karibu na nyaya au mota ya kupuliza ogani, zungushieni kamba, zimeni umeme wa upande huo, piga simu. Ogani yenyewe akague fundi wa ogani, sio sisi.

Bonde likishatengenezwa mtakuwa na hamu ya kupiga plasta na rangi mara moja ili Pasaka ikute kanisa linang'aa. Ngojeni. Kwa kukadiria tu tunahesabu kama mwezi kwa kila inchi ya ukuta, wenu una inchi 24, kwa hiyo hata mwaka mzima au miwili usishangae, na doa litaonekana baya zaidi kabla halijapona kwa sababu chumvi inazidi kutoka. Plasta ya chokaa iliyoko kama bado imeshika iacheni, ile iliyokufa peke yake ndio ibanduliwe, kuigundua igonge kwa kifundo cha kidole, iliyokufa inalia kama debe tupu. Ikifika wakati pigeni chokaa tena na rangi ya chokaa juu yake. Ni kazi ghali kidogo kuliko simenti na mafundi wake wachache, na inapakwa kwa tabaka nyembamba kwa siku nyingi, sio wakati wa baridi kali. Lakini hapo mtakuwa mnalipia kitu kinachodumu.

Ukienda na kile kioo nitumie picha ya nyuma ya bomba. Na mzee mpe tochi aishike yeye, ukimwambia mnakwenda kutafuta jiwe la Wanormani atatoka hata mvua ikinyesha.